Kasha la njumu, samadari na taa ya bibi ndani ya fleti

Swali: Shikamoo fundi. Bibi yetu wa Unguja amefariki na vitu vyake vimegawanywa. Mimi nimepata kasha la njumu, kitanda cha samadari chenye vioo vilivyochorwa maua, taa ya kuning'inia ya mafuta, kandili mbili na karabai moja. Kaka yangu amepata kiti cha enzi cha mpingo chenye nakshi nyeupe na anataka kukipeleka Muscat anakoishi. Mimi nakaa fleti ya ghorofa ya tatu Upanga, Dar es Salaam, sakafu ya vigae, vyumba vina AC. Seremala wa mtaani ameshauri apige msasa vyote, apake rangi ya kahawia na vanishi, kitanda akikate kiwe stendi ya TV, na taa aitoboe apitishe waya. Anasema vitakuwa kama vipya. Nimkubalie?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Mungu amrehemu bibi.

Hapo kwenye "kama vipya" ndipo pa kumsimamisha seremala wako. Vipya vimejaa Keko, tena vizuri, na kama unavitaka kavinunue huko. Ulichorithi ni kitu kingine: mbao ambayo juu yake kuna ngozi nyembamba, haifiki hata nusu milimita, iliyotengenezwa na mwanga, moshi wa udi, mafuta na mikono ya watu kwa miaka mingi. Msasa unaiondoa ngozi hiyo kwa dakika kumi, na hakuna rangi ya kopo itakayoirudisha. Kwa hiyo msasa hapana. Kukata kitanda hapana kabisa. Taa iwashwe kwa umeme, sina ugomvi na hilo, lakini isitobolewe. Na kila utakachofanya kiwe ni kitu ambacho mjukuu wako akitaka kukitengua, atakitengua bila kuacha kovu. Nikikuta kazi isiyotenguka, naiacha, hata kama mteja ananisukuma.

Tuanze na kasha. Makasha ya njumu, yaani yaliyopambwa kwa misumari ya shaba yenye vichwa, yaliyoenea pwani mengi yaliletwa na majahazi ya msimu kutoka Bara Hindi, hasa Surat, Bombay na pwani ya Malabar, na mengine yalitengenezwa huku huku na mafundi walioyaiga. Mti wake aghalabu ni msaji, ule ambao Bara tunauita mtiki, au sesemu, ambayo ni nyeusi zaidi na nzito. Zote mbili zina mafuta yake zenyewe ndani, ndiyo maana zimevumilia joto la pwani na chumvi ya bahari bila vanishi ya mtu.

Kabla ya kugusa chochote, toa kila kilichomo, lisogeze karibu na dirisha asubuhi, ulisome. Tazama chini ya vishikio vya ubavuni. Kishikio kilichoning'inia miaka mingi hugonga mbao kila kasha linapobebwa, na huacha alama ya upinde iliyozama, laini ukipitisha kidole. Lilaze upande wake utazame chini: msumeno wa mkono huacha mistari isiyo sawa, mingine imelala mingine imesimama, wakati msumeno wa mashine wa duara huacha mapinde yanayofanana. Kisha chukua sumaku ndogo uipitishe juu ya njumu. Shaba haishikwi na sumaku. Msumari unaoishika ni wa chuma uliopakwa rangi ya shaba, yaani uliwekwa baadaye pale wa zamani ulipodondoka. Hilo si aibu kwa kasha. Ni matengenezo ya kawaida na yana historia yake. Ila likiwa limejaa misumari ya sumaku tupu, mapinde ya mashine chini, na weusi unaotoka kwenye kitambaa chenye maji, basi hilo lilichongwa juzi kwa ajili ya watalii na kupakwa rangi ya viatu. La bibi yako, kwa jinsi ulivyolieleza, silishuku.

Jambo la pili ni kujua juu yake kumepakwa nini. Chukua kijiti cha pamba ya masikio, kichovye kwenye spiriti, gusa mahali pasipoonekana, nyuma karibu na sakafu. Pakianza kunata baada ya nusu dakika na pamba ikatoka na ukahawia, hiyo ni shelaki, inayotokana na utomvu wa wadudu wa miti wa India. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina: pakilainika, ni vanishi ya kupuliza ya miaka ya karibuni. Vyote viwili visipofanya kitu, aidha ni mafuta yaliyokaukia ndani ya mbao, au ni ile vanishi ngumu ya kisasa ambayo mtu alilipaka kwa nia njema. Nakuambia ujaribu kwanza kwa sababu watu hununua dawa ya kusafishia mbao dukani bila kujua inakwenda kukutana na nini, na spiriti juu ya shelaki ni kama sukari kwenye chai.

Usafi wenyewe ni wa polepole. Brashi laini, kavu, vumbi la nakshi na la pembeni mwa njumu litoke lote. Kisha kitambaa cha pamba kilichokamuliwa hadi hakidondoki, chenye tone la sabuni ya maji, sehemu ndogo ndogo, na kitambaa kikavu kifuate hapo hapo. Kitambaa kitakuwa cheusi. Ukiona kimeanza kutoka na rangi ya mbao badala ya uchafu, acha. Likikauka siku mbili tatu, lipake nta ya nyuki. Nta nzuri tunayo, ya Tabora haina mshindani: sehemu moja ya nta kwa mbili au tatu za tapentaini. Yeyusha nta kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, zima jiko kwanza, sogea mbali na moto wowote, ndipo umimine tapentaini, maana mvuke wake unawaka. Ikipoa inakuwa laini ya kupakika. Paka kidogo sana, ngoja saa moja, sugua kwa kitambaa cha sufi. Mara moja au mbili kwa mwaka yatosha.

Wazee wengi walipangusa makasha kwa mafuta ya nazi, na yamkini bibi naye alifanya hivyo. Mafuta ya nazi hayakauki. Hukaa juu, hushika vumbi, na baadaye hunuka. Kama unahisi mbao ina kiu kweli, mafuta ya kitani ndiyo yanayokauka, lakini hayo yana hatari ambayo watu hawaisemi: kitambaa kilichoyafyonza, ukikikunja na kukitupa kwenye ndoo, kinaweza kupata joto chenyewe na kuwaka moto bila kibiriti. Kitandaze nje kikauke wazi, au kiloweke kwenye maji.

Ndani ya kasha usipake kitu. Harufu ya udi iliyobaki mle ikiondoka hairudi.

Sasa shaba. Najua mkono unakuwasha kukamata ndimu na chumvi, au ukwaju, ing'are kama sinia la Idi. Kwa sinia sawa, kwa kasha hapana. Asidi ya ndimu inaingia chini ya vichwa vya njumu na kukaa pale, inaila shaba kwa ndani, na baada ya muda unaona madoa mekundu mekundu: hapo zinki iliyochanganywa ndani ya shaba hii ya njano imeshatoka na kubaki kopa tupu, yaani shaba nyekundu. Polishi ya dukani nayo huacha unga mweupe kwenye vinyweleo vya mbao, na unga huo kuutoa ni kazi ya sindano na subira. Mimi napendelea shaba ibaki na ukahawia wake. Ukishindwa kabisa kuvumilia, kata karatasi ngumu tundu la ukubwa wa bamba, ikinge mbao, safisha bamba tu kwa polishi kidogo mno, funga kwa nta. Njumu moja moja ziache.

Kagua wadudu kabla kasha halijapanda ngazi. Mchwa mnaujua wote. Anayenitia wasiwasi zaidi ni bungua. Msaji wenyewe haumpendezi, lakini sakafu za droo na migongo ya makasha mara nyingi ilifanywa kwa mbao laini ya bei nafuu, na hapo ndipo anapokaa. Weka karatasi nyeupe chini ya kasha kwa wiki mbili. Ukikuta unga mpya kama wa poda, yumo. Kipande kidogo, kama droo isiyo na kioo wala rangi, kifunge kwenye plastiki bila kuacha upenyo, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Makumbusho hufanya hivyo hivyo. Ukikitoa, usifungue plastiki mpaka kimerudi kwenye joto la chumba, siku nzima, vinginevyo unyevu utagandia juu ya mbao. Sehemu zisizoingia kwenye friza, dawa ya permethrini kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, madirisha wazi, glavu mkononi. Mtu akikwambia upake oili chafu ya gari kama wanavyopaka nguzo za uzio, mwambie asante na uendelee na safari yako.

Kuna kitu kinachoua fenicha ya Unguja inapofika fleti za Dar kuliko bungua: AC. Hewa ya Unguja ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na mbao imeshajizoelea huko. Ukiileta chumba chenye AC mchana na usiku, unyevu unashuka ghafla na mbao inasinyaa kwa upana wake. Ubao wa msaji wa sentimita 50 unaweza kupungua milimita 3 hadi 5. Kifuniko cha kasha kimeshikwa na mabamba na misumari pande zote, hakina pa kukimbilia, basi hupasuka katikati usiku kwa mlio ambao utadhani mtu ameangusha sahani. Kwa hiyo mwezi wa kwanza kasha likae chumba kisichowashwa AC, madirisha wazi. Baadaye ukiliingiza sebuleni, liwe mbali na upepo wa AC unakopigia na mbali na jua la dirishani. Ufa ukitokea hata hivyo, usiujaze mastiki wala gundi ya unga wa mbao. Mvua za masika zikija, ufa huo hujifunga wenyewe, na kilichojazwa ndani hugeuka kabari inayopasua zaidi.

Na vigae. Nyumba zetu hudekiwa kila siku, maji ya deki hutuama miguuni mwa kasha, na makasha mengi hufika kwangu yakiwa mazima juu huku miguu imeoza. Weka vipande vya mpira au mbao vya sentimita mbili chini ya miguu, mwambie dada wa kazi aipitie kwa kitambaa kikavu. Kasha ni meza nzuri ya sebuleni, nalikubali kabisa kwa kazi hiyo. Kioo juu yake, juu ya vidoti vya sufi ili hewa ipite, na kikombe cha moto hakitaliacha na duara jeupe. TV nayo inaweza kukaa juu yake. Tundu la kupitishia nyaya nyuma, hapana. Nyaya zipite ukutani.

Samadari. Hiki kinaniuma seremala alipotaja msumeno. Samadari ni kitanda cha kufunguka. Miguu iliyokerezwa, mbao za ubavu, kichwa chenye vioo, vyote hushikana kwa ulimi na tundu lake, pengine na bolti, ili kipandishwe ngazi nyembamba za nyumba za mawe. Ghorofa yako ya tatu haikitishi. Kitapanda vipande vipande, wakati kitanda cha futi 6 kwa 6 cha siku hizi kinakwama kwenye kona ya kwanza. Unapokifungua, tafuta alama za fundi kwenye maungio: vijimikato vya patasi, kimoja, viwili, vitatu, kila ulimi na tundu linalolingana nao. Piga picha, kisha bandika karatasi yenye namba kila kipande. Kama maungio yanacheza, usiyatie gundi, maana hayakukusudiwa kuwa na gundi. Kibanzi chembamba cha mbao ngumu kinachoingizwa ubavuni mwa ulimi kinatosha. Pale ambapo gundi ya asili imeachia, kwa mfano mapambo ya juu, tumia gundi ile ile ya zamani ya ngozi na mifupa, inayotengulika kwa maji ya moto. Araldaiti, gundi ya kisasa isiyotenguka, isiingie chumba hicho.

Vioo vilivyochorwa ndiyo roho ya kitanda na ndivyo vinavyoharibiwa upesi. Mchoro wake uko upande wa nyuma wa kioo. Wewe unautazama kupitia kioo chenyewe. Mbele unaweza kupangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nyuma usiguse kwa maji wala spiriti, brashi laini tu, na kama rangi inabanduka usiguse hata kwa brashi: funika kwa karatasi ya kuhifadhia isiyo na asidi na umwite mtu anayejua. Kama kuna vioo vya kujitazamia vyenye madoa ya kijivu yanayometameta na vitone vya fedha ukingoni chini, hivyo ni vya zamani sana, vilivyopakwa bati na zebaki. Visikwanguliwe wala kulazwa kifudifudi. Vibaki vimesimama, na kitone ukikikuta usikishike kwa mkono mtupu.

Godoro ndilo litakalokusumbua kuliko vioo. Samadari haijui vipimo vya 5 kwa 6 wala 6 kwa 6. Pima ndani kwa ndani mara mbili, mwenye duka la sponji akukatie. Chukua inchi 6, usichukue 10, kwa sababu kitanda chenyewe kimeinuka na utahitaji kigoda cha kupandia. Hapa sasa mpe seremala wako kazi, na nadhani ataifanya vizuri: atengeneze fremu mpya ya chaga inayokaa juu ya kingo za ndani za ubavu, isiyopigiliwa msumari popote. Uzito wa godoro la leo na wa watu wawili ubebwe na fremu hiyo, ikiwezekana na mguu wa kati unaofika sakafuni. Kama samadari yako ina nguzo za juu, hujapata kitu kizuri zaidi cha kutundikia chandarua. Utaweza kutupa lile duara la waya linaloning'inia darini.

Tuje kwenye taa, ambayo ndiyo kazi niipendayo. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa la kwanza Unguja kuwashwa umeme, lakini majumba ya watu wa kawaida yaliendelea na mafuta ya taa kwa miaka mingi. Ndiyo maana taa za kuning'inia za mafuta tunazo bado, na ndiyo maana nyingi ninazoletewa zina tundu ubavuni mwa tangi, alama ya fundi wa umeme aliyekuwa na haraka. Taa yenye tangi zima haijawahi kuumizwa. Yako usiiumize.

Ifungue yote mezani juu ya taulo nene: mnyororo, kofia ya juu ya kuzuia masizi, kivuli, chemni, kichwa cha utambi, tangi. Vioo vioshe kimoja kimoja kwenye beseni la plastiki lenye taulo chini, maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji ya moto huvipasua. Tangi lioshe kwa sabuni mara kadhaa mpaka harufu ya mafuta iishe kabisa, liache wazi likauke siku nyingi. Umeme na mvuke wa mafuta ya taa havikai nyumba moja. Mnyororo uukague pete kwa pete chini ya mwanga mkali. Pete iliyolika upande mmoja hadi kuwa nyembamba ibadilishwe, kwa sababu hiyo ndiyo inayobeba kila kitu juu ya kichwa cha mgeni wako.

Sasa, mahali palipofungwa kichwa cha utambi pana uzi wa skrubu. Kichwa chenyewe unakifungua, unakifunga kwenye karatasi na kukihifadhi ndani ya kasha, na mahali pake unaweka kishikio cha balbu chenye uzi unaolingana. Vipo vinavyouzwa tayari, na fundi wa kukereza vyuma anaweza kukuchongea cha shaba ukimpelekea kichwa chako kama kipimo. Waya unatoka ubavuni mwa kishikio hicho, juu ya tangi, bila kupita ndani yake. Unapanda na mnyororo, unasukwa ndani ya pete moja na kuruka moja. Tumia waya laini wa kore tatu wenye ganda la kitambaa, rangi ya shaba au ya kahawia iliyokolea, na ukiwa mita mbili mbali huuoni.

Nimesema kore tatu kwa sababu. Umeme wetu ni volti 230, na taa yako ni ya chuma tangu juu hadi chini. Ule waya wa tatu, wa ardhi, lazima ushikane na mwili wa shaba. Fundi akikwambia "taa haihitaji ardhi", hiyo ya plastiki haihitaji. Hii inahitaji. Waya unapoingia kwenye chuma uwekewe kijipete cha mpira, usije ukakatwa na ukingo. Na mwisho wa yote, kazi ya kuunganisha na mkondo wa nyumba aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwenye njia yenye breka inayokata umeme ukivujia kwenye mwili wa taa. Kama taa ilikuwa na nyaya za zamani zenye ganda la mpira au nguo, zisirudishwe kazini hata zikionekana nzima. Kunja moja: mpira wa zamani huvunjika kama biskuti kavu.

Balbu iwe ya LED, yenye mwanga wa njano, 2700 kwenye kipimo cha kelvini kilichoandikwa kwenye boksi. Ile nyeupe ya 6500 inayouzwa kila duka itaifanya sebule yako ifanane na duka la dawa, na kivuli cha rangi ya maziwa kitageuka bluu. Wati 4 au 6 zinatosha. LED haina joto la kupasua kivuli, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoweka balbu ya zamani ya wati 60 ndani ya chemni nyembamba.

Itaning'inia wapi? Kwa bibi ilining'inia kwenye boriti ya mkoko. Kwako kuna dari la jipsamu, na jipsamu haibebi kitu, hata seremala akikuapia. Kulabu lazima ipite jipsamu na kuingia kwenye zege la ghorofa ya juu kwa bolti ya kutanuka. Kabla ya kutundika taa, tundika ndoo ya maji yenye uzito mara mbili ya taa, iache usiku kucha. Kama hujui uzito wa taa, ipime kwenye mizani ya duka la nafaka. Na kama mwenye nyumba hataki zege lake litobolewe, kuna nguzo ya chuma ya kusimama sakafuni yenye mkono uliopinda. Taa ikining'inia juu ya meza ya chakula kwa nguzo hiyo inapendeza, na siku ukihama unaondoka nayo.

Kandili zako mbili hazihitaji waya. Nunua taa ndogo ya LED ya kuchaji inayoingia ndani ya chemni, ikae pale panapokaa mwali, umeme ukikatika unawasha na kubeba kama zamani. Kutu ya kandili isiyopita upande wa pili safisha kwa pamba ya chuma laini kabisa na nta.

Karabai ni habari nyingine. Ikae rafuni, isiwashwe ndani ya fleti. Ni chombo cha mgandamizo, hula hewa ya chumba, na ukiiwasha madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya AC unakaribisha hewa ya sumu. Tena ule mfuko wa wavu unaotoa mwanga, kama bado umo, pengine umetengenezwa kwa thoriamu, ambayo hutoa mionzi kidogo. Usiupulize, usiuvunje kwa vidole. Uloweshe kwa maji ya kunyunyiza, uuchukue kwa karatasi, ufunge kwenye mfuko, pangusa eneo lote kwa kitambaa chenye maji na ukitupe nacho. Usifanye hivyo mbele ya watoto, na kama una ujauzito mwachie mtu mwingine.

Nimebakiza kiti cha kaka, nacho ndicho chenye haraka kuliko vyote. Viti vya enzi vya mpingo, vya Lamu, Pate, Siyu na Unguja, vilitiwa nakshi za pembe ya ndovu au za mfupa, na tofauti hiyo leo ni tofauti ya kusafiri na kukamatwa. Tafuta kioo cha kukuzia, utazame kipande kilichokatwa kwa upana. Mfupa una vidoti na vistari vidogo vyeusi, ndizo njia zilizokuwa na damu. Pembe ya ndovu haina vidoti. Ina mistari myembamba inayokatana kwa mshazari, ukigeuza kipande kwenye mwanga inaonekana na kupotea. Msije mkajaribu kwa sindano ya moto kama mtu atakavyowashauri. Itaacha shimo na haitathibitisha kitu.

Ikiwa ni pembe, ndovu wa Afrika aliingizwa kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na Tanzania na Oman zote ni wanachama. Urithi wa bibi hauufuti mkataba. Kwa kitu cha kale kuna njia ya kuomba kibali kwa kuonyesha kwamba pembe ilipatikana kabla ya mkataba, lakini ombi hilo linaanzia kwenye mamlaka ya wanyamapori, linataka ushahidi, na linachukua muda. Kwa Bara, pembe ni nyara kwa sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2009, na nyara inahitaji hati ya umiliki, kwa hiyo msikivushe hata kuja Dar kabla hamjauliza. Ikiwa ni mfupa, habari ya ndovu inaondoka, inabaki ya mambo ya kale: pelekeni picha na vipimo kwenye Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ya Zanzibar, muulize kibali cha kutoa nje. Bara nako sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vya namna hii; milango iliyochongwa kabla ya 1940 imetajwa kabisa, nakutajia kwa sababu familia yenye samadari mara nyingi ina na mlango.

Kwa sasa mwambie kaka kiti kibaki Unguja, atafute picha ya zamani yoyote ya bibi au ya arusi ambayo kiti kinaonekana, maana hiyo ndiyo itakayomsaidia kwenye ombi. Na wakala wa mizigo akimwambia ataandika "fenicha iliyotumika" kwenye hati mambo yaishe, asimpe hicho kiti.